UZI: Mwenyeji ni nani? Maneno tunayorushiana Kisauni na mahali yalikotoka

Joto la siasa likipanda, Kisauni maneno huwa ni yale yale manne: mwenyeji, mbara, skwota, mwenye shamba. Hapa Kiembeni utayasikia kwenye matatu, kwa kinyozi, maskani, na zaidi kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa saa tano usiku. Kila mtu huyatumia kana kwamba yalishuka na mvua. Hayakushuka. Yalitengenezwa, na lile zito zaidi lilipigwa muhuri wa serikali kuanzia mwaka 1908.

Kanuni za ukurasa huu mwazijua. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja nakufuta, hata uwe binamu yangu.

Nitatumia vitu vichache vya sosholojia ya mwaka wa kwanza chuoni, vile ambavyo mtu husoma apasi mtihani kisha asahau. Si vigumu. Ugumu ni kuvikumbuka wakati mtu amekutukana kwenye komenti.

Cha kwanza. Mmarekani mmoja, C. Wright Mills, mwaka 1959 alitoa kitabu kiitwacho The Sociological Imagination. Hoja yake kubwa: kuna shida ya mtu binafsi na kuna suala la jamii, na kazi yetu ni kujua kipi ni kipi. Mtu mmoja Mishomoroni akifukuzwa kwenye kiwanja kwa sababu hakulipa kodi miaka mitatu, hiyo yaweza kuwa shida yake na pesa zake. Lakini watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe wakiwa wamejenga kwa maelfu juu ya ardhi ambayo si yao kwa karatasi, na wengi wao hawajawahi kumuona mwenyewe hata kwa picha, hapo ukisema "ni wavivu, hawakununua" umeacha kufikiri. Uvivu hauwezi kufuata mpaka wa kaunti. Lazima kuna kitu kiliwapanga hivyo.

Tuanze na jambo ambalo mtu wa Nairobi ukimweleza huguna: nyumba bila ardhi.

Mombasa mtu aweza kumiliki nyumba na asimiliki iliposimama. Ardhi ya fulani, nyumba yangu, ule mnazi wa marehemu mjomba. Kila mwezi nalipa kodi ya kiwanja, kitu kidogo. Nikitaka kuuza nyumba nauza, nikifa wanangu wanarithi. Mila hii ni ya zamani, na sheria ya Kiislamu iliyotumika Pwani haikuona ajabu kutenganisha mti na udongo uliopandwa. Jina la Kiembeni lenyewe lasikika na embe ndani yake, na kwa mila ile "miembe hii ya nani?" na "ardhi hii ya nani?" yalikuwa maswali mawili, kila moja na jibu lake. Sheria ya Kiingereza ilikuja na wazo jingine kabisa, kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Basi.

Hapa ndipo neno taasisi linapotusaidia. Kwenye sosholojia taasisi si lazima liwe jengo lenye bango na askari mlangoni. Ni desturi iliyokomaa mpaka watu wanaitegemea bila kuulizana: ndoa, mirathi, mahari, kodi ya kiwanja. Mwenye ardhi na mwenye nyumba mara nyingi hawakuandikiana kitu, lakini kila mmoja alijua zamu yake. Mojawapo ya masharti yaliyozoeleka ni kwamba mpangaji wa kiwanja asijenge jengo la kudumu. Kwa hiyo mitaa mingi ya zamani ilijaa nyumba za fito na udongo, makuti juu, baadaye mabati. Mgeni akapita akasema hawa hawapendi maendeleo. Wenzake walikuwa wanatii masharti!

Sasa tarehe.

Desemba 1895 Uingereza na Sultani wa Zanzibar walikubaliana kuhusu ukanda wa Pwani wa maili kumi, kama kilomita 16 kutoka baharini: bendera na enzi ya Sultani, utawala wa Mwingereza. (Mwaka huo huo huko Ufaransa Émile Durkheim alichapisha kitabu kueleza kwamba kuna mambo ya jamii yaliyo nje ya mtu na yanayomlazimisha, apende asipende. Angepanda meli aje Mombasa angepata mifano bila kutoa jasho.)

Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria Pwani hii. Mabwana walilipwa fidia. Waliokuwa watumwa walipata uhuru, ardhi hawakupata. Wengi walibaki pale pale wakilima, kwa ruhusa ya bwana wa jana.

Mwaka mmoja baadaye, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Ikaundwa ofisi ya kusajili: kila mwenye dai la ardhi ndani ya ukanda alete dai lake na ushahidi wake, ndani ya muda uliowekwa. Dai likithibitishwa, unapewa hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza.

Hebu jiulize nani aliweza kufika pale. Aliyekuwa na waraka wa zamani. Aliyezoea ofisi za kadhi na liwali. Aliyeweza kuleta mashahidi wanaosikilizwa. Aliyejua tu kwamba muda unahesabiwa. Basi waliotoka na hati wengi wao walikuwa familia za Kiarabu, baadhi ya Waswahili, wafanyabiashara wa Kihindi na Wazungu. Mmijikenda ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo, inalimwa huku, inapumzishwa kule, alionekana hana mpaka wala umiliki, na shamba lililopumzishwa likaonekana pori. Serikali tayari ilishamweka kichwani kama mtu wa nyika, kwao ni huko nyuma ya ukanda. Na yule aliyeachwa huru 1907? Alikuwa analima shamba ambalo bwana wake ndiye alikwenda kuliandikisha.

Mtu hakuhama hata hatua moja. Alilala mkulima akaamka skwota. Mwanahistoria Frederick Cooper aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo Zanzibar na Pwani ya Kenya, kilitoka 1980, na jina lake ni From Slaves to Squatters, yaani kutoka utumwani hadi uskwota. Ukikosa muda wa kukisoma, jina tu latosha kukunyima usingizi.

Kabla hamjaanza kunishukia: la, sisemi kila mwenye asili ya Kiarabu alitajirika. Wako waliopata hati na kuiuza upesi kwa walanguzi, wakaisha. Wako Waswahili wa Mataifa Kumi na Mbili, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, ambao hadi leo watawaambia babu zao walipoteza ardhi bara ya kaskazini na kusini mwa kisiwa. Anayesema "Waarabu walichukua yote" na anayesema "wabara walichukua yote" wote wameruka kurasa.

Ukurasa mmoja unaorukwa sana ni wa Oktoba 1963. Kabla ya uhuru, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar walibadilishana barua kuhusu ukanda huu. Watu hukumbuka sehemu ya kadhi na uhuru wa dini. Mlikuwemo pia ahadi kwamba hati za umiliki zilizokwisha sajiliwa Pwani zitatambuliwa. Soma tena: zilizokwisha sajiliwa. Yaani bendera ilibadilika tarehe 12 Desemba, lakini orodha iliyoanza 1908 ilivuka usiku ule ikiwa salama. Skwota aliingia uhuru akiwa skwota.

Turudi darasani kidogo. Ralph Linton, mwaka 1936, alitenganisha aina mbili za hadhi: ile unayopachikwa kwa kuzaliwa na ile unayoipata kwa jitihada. Binti wa fulani, hiyo umepachikwa. Fundi wa umeme, hiyo umeitafuta. Ubishi wetu wote wa Pwani uko hapa, manake "mwenyeji" tunamchukulia kama hadhi ya kuzaliwa, imekaa kwenye damu, na "skwota" tunamchukulia kama hadhi aliyojitafutia mwenyewe, kwa kuvamia. Historia yatuonyesha karibu kinyume chake. Uskwota wengi wamezaliwa nao, wamerithi kama jina la babu. Na uenyeji ndio uliokuwa ukitafutwa, ukipatikana, ukipotea.

Mifano ipo hapa hapa, huhitaji kupanda ndege.

Neno Mijikenda, miji tisa, leo twalitumia kama la tangu Adamu. Lakini kama jina ambalo watu wenyewe walijiita na kujipangia siasa, lilishika miaka ya 1930 na 1940. Kabla yake mjini waliwaita Wanyika, watu wa porini, na halikuwa jina la heshima. Justin Willis aliandika kitabu kuhusu hili, kilichapishwa 1993, akaonyesha jinsi watu walivyokuwa wakishuka kutoka ndani, wakaingia mjini kwa kazi, kwa udhamini wa mwenye nyumba, kwa dini, kwa ndoa, na baada ya muda wakawa watu wa mjini. Mtu aliweza kuanza maisha Mdigo au Mgiriama na watoto wake wakahesabiwa Waswahili wa Mombasa. Mlango ulikuwa wazi kiasi. Mkoloni ndiye aliyetaka kila mtu awe na kabila moja, eneo moja na kodi ya aina moja, na tangu hapo mlango ukawa mgumu kufunguka.

Mfano wa pili mwaupita kila siku mkienda mjini. Kengeleni. Ile kengele ni ya Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Walikuwa watu wa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, asili yao mbali kusini, Malawi na Msumbiji ya leo. Vizazi vyao viko Kisauni mpaka leo. Sasa wewe unayepima uenyeji kwa rula, hebu waweke hawa. Wamekaa hapa tangu kabla ya ukoloni rasmi. Kabila lao la asili halimo kwenye orodha ya makabila ya Pwani unayoijua. Ni wenyeji au ni wageni? Nikiuliza swali hili maskani huwa kimya kidogo, kisha mtu anabadilisha mada aanze mpira.

Na aliyekuja kwa kazi? Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji 1954. Bandari, reli, hoteli za ufuo, vyote vilivuta watu wa bara na wa Pwani ndani. Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa 1980 mahali pa lile la kuelea la 1931, huku kwetu kukajaa haraka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 kaunti ndogo ya Kisauni peke yake, wengi kuliko kaunti ndogo nyingine yoyote ya Mombasa. Humo mna mwanamke aliyezaliwa hapa, mama yake akazaliwa hapa, ni muuguzi, ni mwenyekiti wa chama cha kina mama, huongea Kiswahili kuliko mimi. Msimu wa siasa ukifika, yote hayo yanafutika, anabaki "mbara". Everett Hughes aliliona jambo la aina hii Marekani, akaandika mwaka 1945 kuhusu hadhi moja inayofunika nyingine zote. Daktari Mweusi wa Marekani alikuwa Mweusi kwanza, udaktari baadaye.

Lakini tusiwe wepesi wa kusema "ni ukabila tu, tupendane". Malalamiko ya Pwani yana mizizi halisi. Baada ya uhuru, ardhi iliyokuwa ya Taji iligeuka ya serikali, na serikali ikaigawa. Skimu ya Lake Kenyatta kule Mpeketoni, Lamu, ilianza miaka ya 1970 na walowezi wake wengi walitoka bara. Viwanja vya ufuo vilikwenda kwa wenye majina. Ripoti ya tume ya Ndung'u, 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchi nzima. Kwa hivyo Mdigo anaposema "tulirukwa" hajaota. Swali langu ni kama anayemwonyesha kidole ndiye aliyemruka.

Hapa namleta Norbert Elias. Yeye na John Scotson walitoa kitabu mwaka 1965 kuhusu kitongoji kimoja cha Uingereza walichokificha kwa jina la Winston Parva. Kulikuwa na makundi mawili ya wafanyakazi: rangi moja, nchi moja, kazi zinazofanana. Tofauti kubwa ilikuwa miaka ya kukaa. Wa zamani waliwafungia wapya milango ya vilabu na kamati, na umbea ulifanya kazi ya polisi. Kitu kilichonikaa ni hiki: wa zamani walijipima kwa wale walio bora zaidi kati yao, na wapya wakawapima kwa wale wabaya zaidi. Soma grupu lolote la mtaa Kisauni kwa siku mbili uniambie kama Elias hakuwahi kukaa Mtopanga.

Kwetu haikuishia umbea. Tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na siku zilizofuata watu wa bara wakaanza kuwindwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa, maelfu wakakimbia, wengine wakajaa kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Tume ya Akiwumi ilichunguza. Sitaingia kwenye majina, kanuni ni kanuni. Nataka tu tuangalie nani alichoma na nani alichomewa. Wengi waliochomewa walikuwa wapangaji wa chumba kimoja, wauza mboga, makuli. Na vijana waliotumwa kuwachoma, wengi hawakuwa na hati ya hata futi moja. W. I. Thomas na Dorothy Thomas walishasema 1928 kwamba watu wakilichukua jambo kuwa kweli, matokeo yake huwa ya kweli. "Mbara" ilikuwa neno tu. Makaburi si maneno.

Na hati? Liko shamba Likoni, ekari zaidi ya 900, ambalo watu wengi waliliingia baada ya machafuko yale. Hati ilibaki kwa mwenyewe miaka yote hiyo, mpaka serikali ilipolinunua kwa karibu shilingi bilioni 1.1 na kuanza kugawa hatimiliki Januari 2016. Waliopewa wakaambiwa walipie. Kelele za siku zile mwazikumbuka.

Kwa hiyo mpaka unaokata Kisauni vipande viwili, kwa maoni yangu, wapita kati ya mwenye karatasi na asiye nayo. Kabila liko, silikatai, lakini karatasi ndiyo inayoamua tingatinga lipite wapi. Na angalia sheria ilivyo na vichekesho vyake. Kenya mtu akikaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kudai iwe yake. Bila ruhusa! Yule mzee wetu wa nyumba bila ardhi, aliyelipa kodi ya kiwanja kila mwezi miaka 40 na risiti kaziweka kwenye kopo la maziwa, dai hilo hana, kwa sababu alikaa kwa ruhusa. Risiti zake ndizo zinamfunga. Alifuata mila vizuri, na mila haikuwa na mtu wa kuisemea mbele ya hakimu.

Sera ya ardhi ya 2009 ilikubali kwamba Pwani ina tatizo lake la kihistoria. Katiba ya 2010 ikaunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Mabadiliko ya sheria ya 2016 yakaeleza jinsi ya kuwasilisha madai: leta ushahidi, onyesha ulivyopoteza, na ulete ndani ya miaka 5. Muda huo uliisha 2021, na mjadala wa kuufungua tena ukafika Bungeni.

Hebu linganisheni na 1908 halafu mnijibu kwenye komenti, bila majina. Nani hapa Kiembeni, Utange au Mwakirunge alisikia tangazo la ile miaka 5 kabla haijaisha? Na alilisikia kwa nani: kwa chifu, kwenye redio, au ndiyo analisikia hapa sasa hivi?